Nyumba ya Majivu

Kila nikizoa majivu jikoni, harufu yake hunirudisha mwaka ule tuliporudi kutoka Tanzania hadi kwenye mteremko wetu wa Gasorwe. Nguzo za umeme ziliishia barabarani. Baba alichora nyumba chini kwa majivu, vyumba vinne vya mraba, kama tulivyojenga kule kwenye kambi ya wakimbizi, kwenye tambarare. Mama akapanda juu na beseni, akamwaga maji. Yakapita katikati ya chumba changu.

"Sasa, baba, mtoto alale na maji?" Mama akamuuliza.

Baba akafuta kwa mguu. "Basi tuyaachie njia yake."

Akachora upya: vyumba viwili huku, viwili kule, vikishuka kama ngazi, na mfereji katikati hadi kwenye tangi la kukusanyia maji huko chini.

Mvua ikinyesha, maji bado hupita palepale. Kwenye chumba cha marehemu baba, ng'ambo ya mfereji, siku hizi tunaweka mahindi.