Walinibadilisha jina mutoto wangu alipokufa. Nimelirudisha, na simuombi muntu radhi

Wakuu, salamu kwenu wote popote mulipo.

Mimi ni muntu wa Kalemie, Congo, ng'ambo ya Kigoma. Kiswahili changu mutakivumilia, kwetu tunasema muntu na mutoto. Haya ninayoandika yamenipata mimi mwenyewe. Asiyetaka kuamini, nyuzi za mpira ziko kibao, aende huko.

Hapa mujini nimekwisha kuitwa chizi, mwanaume wa machozi, muntu wa mambo ya wazungu. Kosa langu? Jumamosi ninapanda mulima na wanaume wenzangu. Tunatembea, tunapika, tunasema kinachotuuma. Basi. Hakuna pombe, hakuna uganga, hakuna siasa.

Nianze mwanzo.

Mimi ni fundi wa reli. Mutoto wangu wa kwanza alikuwa binti, Neema. Hapo nikawa Papa Neema, na muke wangu Mama Neema. Kwetu ukishazaa, jina lako la ubatizo linabaki kwenye makaratasi ya biro, ofisini. Hata chef, mukubwa wangu kazini, aliniita Papa Neema.

Neema alishikwa na homa akiwa karibu kuanza shule. Hospitali walijitahidi, sitamulaumu muntu. Akafa.

Kwenye matanga wanawake walilia ndani. Sisi wanaume tulikaa inje, karata na stori za mpira. Mimi mwenye musiba ndiye nilikuwa nagawa viti! Wazee wakanisifu, eti huyu njo, yaani ndiye, mwanaume kamili.

Tulipotoka makaburini, kaka yangu mukubwa akaita familia. Baba yetu hayupo, neno lake ndilo la mwisho. Akasema kuanzia leo nisiitwe tena Papa Neema. Jina la marehemu likiitwa kila siku mulangoni linakaribisha kifo kingine, na litamuchoma mama wa mutoto. Mutoto wa pili ni Daniel, basi mimi ni Papa Daniel, na muke wangu Mama Daniel.

Wote wakaitika ndiyo. Na mimi nikaitika. Muke wangu hakuulizwa.

Walifanya kwa upendo, hilo sikatai. Lakini wakuu, haikuchukua muda, mutaa muzima ulikuwa umebadilisha. Sokoni Papa Daniel, kanisani Papa Daniel. Kama vile Neema hakuwahi kuzaliwa. Na mimi nilijibu, tena kwa kicheko.

Usingizi ukanikimbia. Chakula kikawa kama udongo. Muke wangu akiniuliza kitu, ninajibu "ça va", yaani niko sawa, huku ninaangalia ukuta.

Siku moja akaniambia, "Mutoto nilimuzika. Wewe unataka nikuzike ungali unapumua? Ukiendelea hivi, namuchukua Daniel nakwenda kwa mama yangu, kule Bendera."

Hakuwa anatania. Begi lilikuwa limefungwa nyuma ya mulango.

Ndipo jirani yangu Papa Amisi, mubeba mizigo pale bandarini, akanivuta kwenye groupe yao. Papa Amisi ana mikono kama koleo, hata siku moja sikudhani ana kinachomuuma. Anayewaongoza ni psychologue mumoja, mutaalamu wa mambo ya akili, wa hapa hapa mujini. Tunamuita Prof, mwenyewe hapendi.

Sheria yao ni moja. Ukisema "ça va" unashuka bondeni kuchota maji ya kupikia. Jamani, siku ya kwanza nilichota maji mpaka mabega yakaniuma!

Sasa sikilizeni kilichotokea.

Jumamosi moja Prof alitufunga vitambaa machoni, nusu yetu. Wengine wakasimama mbali, kila mumoja anaita mwenzake kwa jina, wote kwa pamoja, kelele tupu. Kazi yako ni kufuata sauti inayokuita. Mwenye kuniita mimi alikuwa Papa Amisi.

"Papa Daniel! Papa Daniel! Njoo huku!"

Nilisikia. Haki ya Mungu nilisikia vizuri. Lakini miguu haikujua kama anayeitwa ni mimi. Nikaenda zangu upande mwingine mpaka nikaingia mwili wote kwenye miba.

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Papa Amisi akaja amekasirika kabisa. "We, masikio yako yameziba? Nakuita mpaka koo limekauka!"

Prof hakucheka. Aliniuliza, "Hilo jina njo lako?"

Nilitaka kusema ndiyo. Mudomo ukasema, "Hapana. Mimi ni Papa Neema."

Tangu makaburini sikuwa nimelitamka. Nikalia, wakuu. Kitambaa bado machoni, kamasi na kila kitu, muntu muzima na ndevu zangu. Hakuna aliyeniambia jikaze. Papa Amisi alikaa chini kando yangu, kwenye miba hiyo hiyo, akanishika shingo.

Baadaye tulirudia. Akaita "Papa Neema!" Nikamufikia moja kwa moja.

Jioni nilipofika nyumbani nikamusalimia muke wangu. "Mama Neema." Akaingia jikoni, akafunga mulango. Nikabaki nimesimama. Nikawaza, labda kaka alisema kweli, jina linamuchoma, na sasa nimemufukuza mimi mwenyewe. Begi bado lilikuwa pale.

Haikupita muda ikafika siku ya mahari ya binti wa kaka. Wakwe wamejaa, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Kaka akatangaza, "Papa Daniel, simama usalimie wageni."

Sikusimama.

Akarudia. Watu wakaanza kugeuka. Akanisogelea, akaninongoneza kwa hasira, "Unaniaibisha mbele ya wakwe. Ni hiyo groupe yenu ya machizi!"

Hapo nikasimama.

"Wakwe, karibuni. Mimi ni baba mudogo wa binti munayemuposa. Naitwa Papa Neema. Neema ni mutoto wangu wa kwanza. Amekufa, lakini nilimuzaa. Sitaitwa tena kama muntu ambaye hakumuzaa."

Kaka akasema, "Kaa chini. Huoni unamuchoma muke wako?"

Upande wa wanawake muke wangu akainuka. Nilijua yamekwisha, anaondoka.

"Shemeji," akasema, "aliyenichoma ni nani? Kifo kilichukua mutoto. Jina mulichukua ninyi. Mimi ni Mama Neema. Atakayeniita vingine, sitaitika."

Bibi mumoja wa upande wa wakwe akamushika mukono, akamukalisha karibu yake, akamuuliza, "Alikuwa mutoto wa namna gani, mwanangu?" Na muke wangu akaanza kusimulia pale pale, mbele ya watu, namna Neema alivyokuwa anaiba sukari na kusema ni paka. Watu wakacheka. Mimi nikacheka na kulia.

Kule Bendera muke wangu hakwenda. Jikoni siku ile, aliniambia baadaye, alifunga mulango ili alie bila kunitisha. Munaona namna wawili wanavyoweza kuoneana huruma mpaka wapotezane.

Kaka mpaka leo hataki kuniita Papa Neema. Ananiita "wewe". Sawa. "Wewe" naitika, Papa Daniel siitiki. Daniel mwenyewe ninamupenda sana, na yeye anajua ana dada.

Sisemi mulima unaponya. Kuna siku bado silali. Lakini wazee walisema mficha maradhi kilio humuumbua, na sisi wanaume hata kilio chenyewe tunakificha! Aliyetuambia kujikaza ni dawa, aje anionyeshe mumoja aliyepona. Chizi? Niiteni. Jumamosi napanda tena.

Najua matusi yanakuja, na mimi sifuti uzi. Ila ninawaomba wanaume: kabla ya kukoment chochote, andika kwanza jina la muntu wako uliyemuzika na hujalitamka tena. Jina tu, inatosha.

Naanza mimi. Neema.