Kuhesabu Pomboo Liuli, Ambako Hawapo

Pomboo akizama kisha akaibuka, nitajuaje kama ni yule yule? Swali hilo lilininyima usingizi nyumbani Maguu. Chuo nilikuwa nimemaliza, Serikali ilikuwa haiajiri tena kila mhitimu, na sasa watafiti wa Mtwara walinitaka nikahesabu nyangumi na pomboo baharini. Mimi, mtoto wa shamba la kahawa, sikuwahi kupanda hata mtumbwi. Nikaamua nikajipime kwanza ziwani.

Alfajiri nilidandia lori la wanunuzi binafsi wa kahawa hadi Mbinga, kisha jingine la kuteremkia ziwani. Kila kona nilijiuliza: nikitapika je? Nikimwita nyangumi pomboo? Mara ziwa likatokea chini, la buluu, kubwa, nikajikuta nacheka peke yangu.

Huko Liuli, binamu yangu Josefu, mtoto wa shangazi, alinipokea ufukweni.

"Mmatengo! Umeshuka milimani kuja kunawa uso?"

"Nimekuja kuhesabu pomboo."

"Humu? Labda uhesabu ndege, nao wanazama vilevile."

Asubuhi iliyofuata tulipiga kasia mpaka karibu na mwamba wa Pomonda. Ndege weusi walizama, wakaibuka na samaki. Tumbo halikuniasi! "Saba! Nane! Aa, huyu nilishamhesabu!" Kwa furaha nikafanya kama nifanyavyo kwenye ngolo, yale mashimo yenye matuta tunayolimia mteremkoni: nikasimama, nikakanyaga ukingo ili niwaone ndege wote. Tuta la ngolo halipinduki. Mtumbwi ulipinduka.

Nikazama, nikaibuka.

"Mmatengo mmoja!" Josefu akapaza sauti, ameushikilia mtumbwi.

Nikazama tena, nikaibuka.

"Mmatengo wa pili!"

"Ni mimi yule yule!"

"Najua, bwana! Hiyo kola yako ya mtumba iliyochanika naijua hata ukizama mara kumi!"

Kola iliyochanika! Pezi la mgongoni la pomboo nalo lina mapengo na makovu yake ya kumtambulisha. Chuoni tulifundishwa, hofu ikanisahaulisha. Nilicheka huku nikimeza ziwa, mpaka Josefu akanivuta kwa kola hiyo hiyo.

Siku ya kurudi, shangazi alinifungia dagaa. Nilipofika Mbinga sikutafuta lori la Maguu nikawaze upya. Niliingia posta, nikawapelekea watafiti telegramu ya neno moja: NAKUJA. Kisha nikapanda basi la Songea, njia ya Mtwara, kola ikiwa bado haijashonwa.