Habari ya Kufungwa Karakana Ilitoka Kinywani Mwake

Saa mbili kasoro asubuhi, simu ya mezani inalia kabla hajashusha mkoba begani. Anaipokea akiwa bado amesimama.

“Wewe ndiye yule binti aliyetufungia karakana?” sauti ya upande wa pili inamvaa.

“Shikamoo, mzee. Sikuifunga mimi. Mimi nilitafsiri tu.”

“Marahaba. Ulitafsiri, lakini tuliyemsikia ni wewe!”

Anacheka kidogo, kisha anamweleza kwamba karakana ingali wazi kwa matengenezo madogo, aje abadilishiwe mikanda ya mguu wake wa bandia. Anaweka simu chini. Inalia tena. Ndivyo asubuhi zake zinavyokwenda tangu mkutano mkuu.

Ana umri wa miaka ishirini na mitatu, na yuko kwenye mafunzo ya kazi katika shirika dogo linalotengeneza miguu ya bandia. Mshahara hana, anapewa nauli na chakula cha mchana. Wanachama wa shirika, watu wanaotembelea miguu hiyo, wamembandika jina la Spika, na limemganda kiasi kwamba hata mlinzi wa getini hamwiti vingine.

Hakuja hapo kubahatisha. Baba yake, aliyekuwa mwashi, alipoteza mguu wa kulia jukwaa la ujenzi lilipoporomoka. Mguu anaotembelea leo ulitengenezwa kwenye karakana hiyo. Dukani, mguu wa namna hiyo unaweza kumeza kipato cha mwashi cha mwaka mzima, na ukishatumika miaka michache unachakaa.

“Alipokubaliwa pale nilimwambia, mwanangu, nenda ukafanye kazi kwa moyo, wale ni watu wetu,” anasema baba.

Na kazi aliifanya. Maandalizi ya mkutano yalimwangukia yeye karibu yote. “Viti mimi, maji mimi, vyoo mimi,” anakumbuka. Alipoona ukumbi una vidato mlangoni, alimganda seremala mpaka akaweka mbao za kupitisha viti vya magurudumu. Viti vya ndani akavipanga kwa nafasi, ili wenye magongo wasipigane vikumbo.

Asubuhi ya mkutano, mkalimani aliyekodiwa akatuma ujumbe kwamba tumbo limemshika, hawezi kutoka nyumbani. Mgeni rasmi, mjumbe wa wafadhili, anazungumza Kifaransa. Mkurugenzi wa shirika alimjia Spika mbiombio.

“Wewe si ulisoma Kifaransa chuoni?”

“Nilisoma, lakini…”

“Hakuna lakini. Panda jukwaani.”

Mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Mgeni, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, alishukuru kwa mapokezi. Spika akayaweka kwa Kiswahili, watu wakapiga makofi. Kutoka safu za mbele baba yake akamwinulia kidole gumba.

Halafu mgeni akasema maneno machache, akanyamaza kumpisha. Badala ya kutafsiri, Spika akamgeukia.

“Nilidhani Kifaransa kimenitoka,” anasimulia. “Nikamwomba arudie. Akarudia polepole kabisa. Yalikuwa yaleyale.”

Ukumbi ukaanza kunong’ona. Mkurugenzi, aliyekuwa ameketi nyuma yake, akainuka na kumwinamia sikioni.

“Sema wanapitia upya mipango,” alimnong’oneza. “Sema hivyo tu, ushuke.”

Hapo ndipo Spika alipopigwa na butwaa mara ya pili. Mkurugenzi hajui Kifaransa, hata salamu. Alijuaje mgeni amesema nini?

“Niliangalia chini nikamwona baba,” anasema. “Alikuwa ananitazama kama siku nilipokuwa nasoma shairi shuleni, anasubiri nimalize vizuri.”

Akaishika maiki kwa mikono miwili. “Anasema wamekuja kutuaga. Mwisho wa mwaka huu wanaacha kuilipia karakana.”

Fundi mkuu wa karakana, aliyekuwa amesimama ukutani, aliteleza taratibu mpaka akakaa sakafuni. Kisha mama mmoja akainuka juu ya magongo yake.

“Rudia! Mtoto wewe, usitutanie!”

Akarudia. Ukumbi ukalipuka.

Mgeni naye alishtuka. Akamshika Spika mkono, akamuuliza kwa nini watu wanalia kana kwamba ndiyo kwanza wanasikia. Wao walikwisha kuliandikia shirika tangu mwaka jana. Hayo nayo Spika akayatafsiri. Vichwa vyote vikamgeukia mkurugenzi.

“Nilikuwa natafuta mfadhili mwingine,” mkurugenzi alijitetea, shati limemlowa jasho. “Nilijua nitampata kabla ya leo. Sikutaka kuwatia hofu bure.”

Baba mtu hafichi yaliyompitia. “Nilimkasirikia mwanangu,” anakiri, macho yakiwa chini. “Kwa kitambo nilitamani angeongopa. Mguu wangu huu umeshaanza kulegea.”

Asubuhi iliyofuata, anasema, alimgongea binti yake mlango na kumwambia avae haraka, asije akachelewa kazini.

Mgeni aliahirisha safari yake ili akutane na wanachama. Fedha hazikurudi. Alichokubali ni kwamba mashine za karakana zisiuzwe, zibaki mikononi mwa wanachama. Mkurugenzi alijiuzulu, na sasa kamati ya wanachama ndiyo inayoshika usukani. Spika anawaandikia barua, anapokea simu, na anapata lawama zisizo zake.

“Wengine wananiambia ningenyamaza tungekula Krismasi na Idi kwa raha,” anasema. “Ningenyamaza, wangekuja Januari wakakuta kufuli.”

Mafunzo yake yanakaribia kwisha, na chuo kinamsubiri amalizie masomo. Kabla ya hapo ana safari moja. Hospitali kubwa ya mjini imekubali kuwasikiliza kuhusu kuipa karakana chumba, umeme na mishahara ya mafundi. Wanachama wamemchagua Spika aende kuwasemea, pamoja na fundi mkuu.

Anaogopa?

“Sana. Siku ile maneno yalikuwa ya mtu mwingine. Haya ni yetu,” anajibu, mkono tayari umeiendea simu inayolia. “Nataka wakubali kabla mvua hazijaanza. Kwenye matope, ule mguu wa baba uliolegea utamwangusha.”