Chai mpaka juu

Juzi asubuhi, katika mgahawa mdogo wa Ibanda, aliingia mzee mmoja na mke wake. Mama mwenye mgahawa akamtilia mzee nusu kikombe cha chai na mrija ndani, kama zamani, mkono wa mzee ulipokuwa ukitetemeka mpaka chai inaishia kwenye shati.

Mzee akausukuma mrija kando. "Maman, jaza mpaka juu."

"Papa, iko moto, itakuunguza!"

"Docteur alinitia mashini mu kichwa, mkono hautetemeke tena. Batri yake iko hapa." Akagusa kifuani, palipoinuka kama kuna kiberiti chini ya ngozi. "Jaza tu."

Sote tuliacha kutafuna. Akakinyanyua kikombe polepole, bila kumwaga hata tone, akampa mke wake.

"Miaka yote wewe ndiye ulininywesha. Leo wewe kwanza."

Mke akakipokea kwa mikono miwili. Mikono ikatetemeka, chai ikamwagika mezani.

"Aksanti Mungu kwa mkono wangu," mzee akamwambia mke wake. "Lakini wewe, maman, batri yako tutaitoa wapi?"

Mwenye mgahawa alileta kitambaa cha kupangusia meza, akaanza kufuta macho yake mwenyewe.

Kila wiki naandika hapa nikilalamika juu ya umeme unaokatika. Leo naushukuru ule mdogo usiokatika, kifuani mwa yule mzee.