Siku Niliyofunga Maji ya Mwalimu

Nilifunga valvu. Wacha niseme mapema, kabla hamjaanza kunihurumia. Sikutumwa na mpinzani, wala sikupewa hata soda. Nilitaka tu watu wacheke.

Ilikuwa likizo, wakati wa kampeni, na huku kwetu Tetu kiti cha wadi kilikuwa na wagombea wawili wa maana. Mmoja, mfanyabiashara, aligawa mitungi yenye picha ya uso wake na kuahidi kila kijiji kisima. Wa pili alikuwa mwalimu mstaafu aliyemfundisha mama kusoma. Yeye alisema yale ambayo hakuna aliyetaka kusikia: mikaratusi ya kando ya mto ing'olewe kwa sababu inamaliza mto, na walio juu wafungue maji kwa zamu ili walio chini nao wapate. Sasa, huku mikaratusi ndiyo karo ya watu. Mwambie mtu aing'oe uone.

Mama alimwamini. Mwalimu ndiye aliyeanzisha bomba la kijiji, na sheria ilikuwa moja: kila boma lichimbe hatua zake thelathini za mtaro. Mama alichimba zetu, kisha akachimba za shosho, nyanya yangu, ambaye hawezi tena kuinama. Mimi nilisaidia siku moja, halafu nikasema nina mtihani.

Jumamosi moja Mwalimu aliita watu kwenye mfereji wa kwanza wa bomba hilo, karibu na kiwanda cha kahawa. Akiwa bado anahutubia, nilipanda mlimani hadi kwenye valvu, ndani ya nyasi ndefu za kulisha ng'ombe, nikaikaza mpaka mwisho. Nikateremka mbio nisipitwe na sinema.

"Maneno nimemaliza," Mwalimu akasema. "Sasa maji yaongee."

Akafungua. Mfereji ukakohoa, ukatoa matone mawili, ukanyamaza.

"Mwalimu, upatie tangawizi!" nikapiga kelele. "Huo uko na homa!"

Wueh! Watu walicheka mpaka wengine wakashikana mabega. Jamaa mmoja wa boda boda akadakia, "Ati sera ya maji? Hii ni sera ya upepo!" Mwalimu alitabasamu, akauzungusha tena, na tena, polepole, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni huku akijua haupo. Mama hakucheka. Alikuwa anaangalia chini.

Niliporudi juu kufungua, utani ulikuwa umeshaniponyoka. Bomba lilikuwa limepasuka kwenye kiungo, juu kidogo ya valvu, kwa nguvu ya maji niliyoyafungia. Maji yalikuwa yanabomoa mtaro, udongo ukiteremka nayo Mungu tu anajua wapi. Nilitoroka.

Kufikia Jumapili kanisani, habari ilikuwa imeiva: Mwalimu alinunua mabomba duni. Hakujibu. Kura zilipohesabiwa alikuwa ameshindwa vibaya. Mimi hujiambia kwamba mikaratusi pia ilimpigia kura ya hapana, na ni kweli, lakini hujiambia hivyo mara nyingi mno.

Baadaye kamati ya bomba ilivunjika. Hakuna aliyetaka kuchimba mara ya pili. Visima vya mshindi hatujaviona. Mama alirudi mtoni, mtungi mgongoni, mkanda kwenye paji la uso, na mkanda huo umemwachia alama isiyotoka hata akinawa.

Nilimwambia jioni moja akiwa ndiyo tu ametua mtungi jikoni. Nilianza kwa mzaha, nikashindwa, nikasema yote. Hakunichapa. Alikaa kwenye kigoda, akanyoosha mguu unaomuuma.

"Mwalimu alikuona ukitoka kwa hiyo nyasi," mama akasema. "Nilimwambia aambie watu, akakataa. Ati yeye ni mzee, kushindwa hakutamuua, lakini wewe utaishi hapa na hilo jina la mharibu maji."