Barua ya Mama Akinyi

Juzi nilimwona msichana akiandika ujumbe kwenye simu kwa niaba ya nyanyake, nikakumbuka alasiri moja ya utotoni katika mtaa wa Manyatta. Nyumba ya jirani yetu, Mama Akinyi, ilinuka dagaa wa omena na mafuta ya taa. Kitinda mimba wake alikuwa amefariki, naye akaniomba nimwandikie mumewe aliyefanya kazi Nairobi. Nilipomsomea barua, alilia kwa sauti. Nilidhani nimekosea, nikataka kuirarua.

"Wacha, nyathina, mwanangu," alisema, akinishika mkono. "Hayo ndiyo niliyoshindwa kusema. Wewe ni mwandishi."

Nikadhani mwandishi ni mtu wa kuandika misiba tu, nikaliogopa jina hilo kwa miaka mingi. Nilithubutu kujiita hivyo nilipomzika mtoto wangu mwenyewe, nikaketi mezani, nikaandika.