Uyoga kwenye Vitanda vya Lengalenga

Siku ile tulikuwa wanawake watatu mu kiwanja changu, pale Songo, kando ya ziwa. Nilikuwa minye, ni kusema mimi mwenyewe, mzaliwa wa Makobola. Alikuwa mkaza mwana wangu, muke wa kijana wangu wa mwisho, binti wa kule milimani. Na alikuwa jirani yangu, niliyebatizwa naye siku moja tungali wasichana. Majina yao ninayo, hata ya wazazi wao, ila hapa sitayaandika.

Vile vitanda vya mboga vilitoka kwenye mtumbwi wa marehemu mume wangu. Ziwa lilipopanda na kulowesha bustani, kijana wangu akaupasua mtumbwi ule uliokuwa umechoka, akapigilia mbao pembe kwa pembe, tukajaza udongo na mavi ya mbuzi. Kwetu ubao wa mtumbwi hauendi jikoni. Ukiuchoma, watu watasema umechoma jasho la mume wako. Basi mbao zile zikatupa lengalenga, mchicha wetu, majani mapana kama kiganja.

Mvua ikanyesha juma zima. Asubuhi moja tukakuta uyoga umejaa pembeni mwa mbao, mweupe na wa kahawia. Na wazazi wa mkaza mwana wangu walikuwa wanashuka kesho yake, mara yao ya kwanza kula kwangu! Mboga ya kuwapikia ilikuwa ile ile.

Jirani akaweka mikono kichwani. "Ngoa yote, dada! Iko sumu. Ukiua wakwe, watu watasema ulitaka kurudishiwa ng'ombe zako za mahari!"

"Weye, nyamaza," nikamwambia. Sisi wa ziwa tunajua samaki. Uyoga, hapana; huo ni wa watu wa milimani.

Mkaza mwana wangu akapiga magoti, akafukua kwa kidole. "Mama, angalia. Haukushika mboga. Iko unakula ubao." Akauvuta mmoja, ukatoka na kipande cha ubao laini kama mkate uliolowa. "Huu hatuli, siujui. Lakini lengalenga haina kosa."

Tukaung'oa wote, tukauzika mbali na kuku, tukasogeza udongo uache nafasi kando ya mbao. Jirani naye alisaidia, huku ananung'unika.

Kesho yake wakwe wakakaa, bugali mezani, mboga imefunikwa. Jirani, mdomo wake haufungwi, akauliza: "Wamekwisha kuambiwa habari ya uyoga?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikawaeleza yote. Mama wa binti akasikiliza mpaka mwisho, akamgeukia mtoto wake.

"Nani aliangalia hiyo mboga?"

"Minye, mama."

"Basi nipakulieni."

Baba naye akasogeza sahani yake. Nikamtazama mkaza mwana wangu akipakua, mgongo umenyooka, na nikajiambia: huyu ni wa nyumba yangu.

Wenye walikuwepo na wanakumbuka vingine, wanisahihishe. Sina hakika tena kama mboga ile tuliipika na ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, ao na mawese tu.